Alexandria, Antalya au Barcelona? Kwa anayetaka likizo ya Mediterania na hajui ashike lipi

Dada yangu mdogo na shemeji walifunga ndoa mwaka juzi na fungate hawakwenda, hela yote iliishia kwenye ukumbi na sare. Sasa wamedunduliza, wamepata likizo wote wawili kwa pamoja, na juzi usiku kanitumia picha tatu bila hata salamu: "Kaka, ipi?" Nikaziangalia. Zote bahari ya buluu, zote jua kali, zote kuna mdada kavaa kofia pana kageuka mgongo. Moja Alexandria, moja Antalya, moja Barcelona. Nikamjibu hayo maji ni yale yale, bahari moja imepakana na mabara matatu, we umenitumia picha ya mlango tu, nyumba yenyewe hujaniuliza. Akapiga simu hapo hapo. Tuliongea karibu saa moja na nusu na haya ndo niliyomwambia, nimeyapanga kidogo maana najua si yeye peke yake aliyekwama hapo.

Kwanza tuelewane kitu kimoja. Sisi tumezaliwa Tanga. Mtu wa Tanga au Mombasa au Unguja akikwambia anapanda ndege kufuata bahari, ujue kuna kitu kingine anakifuata. Mchanga wa Mediterania kwa sehemu nyingi hauufikii wa Paje hata kidogo, minazi usahau, na kitu kitakachokushangaza zaidi ni kwamba maji hayapwi. Asubuhi yapo pale, mchana pale pale, jioni pale pale, kujaa na kupwa kwake kwingi ni chini ya futi moja, hakuna bamvua, hakuna siku unaamka unakuta ngalawa zimelala upande kwenye matope. Faida yake unaogelea saa yoyote unayotaka bila kuuliza mwezi. Hasara yake, mi binafsi, baada ya siku tatu niliona kama bwawa kubwa lenye chumvi nyingi, na kweli chumvi yake imezidi ya kwetu.

Kwa hiyo usichague kwa bahari. Chagua kwa mji uliokaa nyuma ya bahari. Na ili nisipendelee nimeipima miji yote mitatu kwa vitu vile vile: makaratasi na njia, hela, bahari yenyewe, cha kuona, msosi, kuzunguka pamoja na watu utakaokutana nao, halafu msimu.

Makaratasi na njia

Naanza na Barcelona kwa sababu ndo inayowakwamisha wengi. Hispania iko Schengen, lile kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwa hiyo mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Kongo na majirani anaomba viza. Ada ni euro 90 tangu Juni 2024, mtoto wa miaka 6 hadi 11 analipa 45, na ukinyimwa hairudi. Unatakiwa na bima ya safari isiyopungua euro 30,000, taarifa ya benki, barua ya mwajiri inayosema utarudi kazini, pa kulala, tiketi. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na mwisho siku 15 kabla, lakini hizo siku 15 usiziamini, kupata miadi peke yake kunaweza kula wiki kadhaa. Mtu aliyeniambia mwezi wa sita kwamba anataka kwenda mwezi wa saba nilimwambia afikirie kwingine. Njia ni kuunganisha ndege, Istanbul, Doha, Dubai, Cairo au Amsterdam, chagua kwa bei. Ila kama unaishi Ulaya una kibali cha ukazi cha nchi ya Schengen, hii aya yote ruka, kwako Barcelona ni safari ya wikiendi.

Antalya, Uturuki wana e-viza, unaomba ukiwa umekaa kwenye kochi. Lakini kuna mtego, kwa pasi nyingi za Afrika hiyo e-viza inatoka kwa masharti, kwa mfano uwe tayari na viza hai au kibali cha ukazi cha Schengen, Uingereza, Ireland au Marekani, na usipokuwa nacho unarudi kwenye njia ya ubalozi. Kwa hiyo kabla ya kulipia chochote ingia tovuti rasmi ya serikali yao, weka nchi yako, uone inasemaje, na angalia vizuri usiingie kwenye zile tovuti za madalali zilizofanana nayo zinazokuchaji mara mbili. Ndege ziko nyingi: Turkish Airlines wanatua Dar, Zanzibar, Kilimanjaro, Nairobi, Mombasa, Entebbe, Kigali, unafika Istanbul, unaunganisha saa moja na robo hivi hadi Antalya. Hapa mi nilijiponza mwenyewe. Nilikata tiketi ya ndani peke yake kwa sababu ilikuwa rahisi, sikuangalia kwamba Istanbul ina viwanja viwili vikubwa, kimoja upande wa Ulaya na kingine, Sabiha Gökçen, upande wa Asia. Nimetua huku, ndege yangu inaondokea kule. Nilichookoa kwenye tiketi kilikwenda chote kwa teksi na kingine juu yake.

Alexandria, viza ya Misri ulizia ubalozini mapema. Ndege ndo raha yake, EgyptAir wanaenda Cairo moja kwa moja kutoka Nairobi, Dar na Entebbe, kutoka Nairobi kama masaa matano tu. Kutoka Cairo unapanda treni stesheni ya Ramses, kilomita kama 220, masaa mawili na nusu mpaka matatu, nje unaona mashamba ya delta ya Nile yamenyooka kijani kibichi na punda na watoto. Kidokezo kimoja, treni inasimama Sidi Gaber kabla ya stesheni kuu, kama hoteli yako iko upande wa mashariki shuka hapo, usiende hadi mwisho halafu urudi kwenye foleni.

Hela

Sitakupa hesabu ya shilingi maana nikishaandika tu inaoza. Nakupa mpangilio: Alexandria ndo nafuu, Barcelona ndo ghali, Antalya inategemea unalala wapi na unakula wapi.

Tarehe 6 Machi 2024 Misri waliiachia paundi yao ijipange sokoni na ikatoka kwenye 31 kwa dola hadi karibu 50 siku ile ile. Wenyeji iliwaumiza, wanakwambia wenyewe ukiwauliza, lakini aliyekuja na dola mfukoni anakula samaki wawili kwa hela ya chipsi za Ulaya. Ujue tu viingilio vya mgeni na mwenyeji ni tofauti kabisa, kama kwenye mbuga zetu, usilalamike, na sehemu nyingi za makumbusho wanataka kadi, noti zako hawazigusi.

Antalya watu wanadanganyika na kushuka kwa lira. Lira inashuka kweli, ila bei nazo zinapanda, menyu zinabadilishwa kila mara, na hoteli kubwa za ufukweni zinapanga bei kwa euro. Kitu chao kikubwa ni zile hoteli za kulipia kila kitu kwa pamoja, chakula, vinywaji, bwawa, michezo ya watoto, ziko Lara, Kundu na Belek. Kwa familia hesabu inakaa vizuri kwa sababu unajua mapema utatumia ngapi. Ila nina neno na hizo hoteli, nitalisema mbele.

Barcelona kila kitu kina bei yake, na pa kulala pana kodi ya utalii ya kila usiku kwa kila kichwa juu yake. Kuingia kanisa la Sagrada Família tu ni kama euro 26. Wanaobana matumizi wanakula mlo mkubwa mchana siku za kazi, migahawa mingi ina menyu ya siku, unapata vyakula viwili, mkate, kinywaji na kitamu kwa bei moja, usiku mnakula kidogo tu. Vyumba vya kupanga kwa siku mjini pale vinazidi kubanwa, jiji limesema leseni zake hazitaongezwa baada ya Novemba 2028, na hoteli za katikati zinajua hilo.

Bahari yenyewe

Hapa nakuwa mfupi maana nishasema. Alexandria bahari ni ya kuangalia zaidi kuliko ya kuogelea. Kuna barabara ya Corniche inayofuata maji kilomita nyingi, jioni familia nzima zinakaa kwenye ukuta zinakula mbegu za maboga, wavulana wanavua kwa mianzi mirefu, na kwa hilo hakuna mji unaoishinda. Kuogelea sasa, fukwe nyingi ni za kulipia, Julai na Agosti watu wa Cairo wote wanahamia pale na huoni mchanga kwa miavuli, na mwanamke kwenye ufukwe wa watu wote anaogelea kavaa nguo ndefu, ukivaa bikini utakuwa sinema. Wanaotaka maji ya kweli wanaendelea magharibi hadi Marsa Matrouh, kama kilomita 290, na kule nakubali, maji yanang'aa.

Antalya kuna fukwe mbili za kujua. Konyaaltı iko magharibi ya mji, ndefu, maji masafi kabisa, milima ya Toros imesimama nyuma kama pazia, lakini chini ni kokoto, nunua viatu vya mpira siku ya kwanza usisubiri ya tatu kama mimi. Lara iko mashariki, mchanga, inafaa watoto. Na katikati mji umekaa juu ya genge, mto Düden unafika ukingoni halafu unajimwaga wote baharini, unaiona vizuri zaidi ukiwa kwenye boti.

Barcelona ufukwe ni wa kutengeneza. Sikutanii, mpaka miaka ya themanini pwani ile ilikuwa viwanda na reli, wakaisafisha na kumwaga mchanga kwa ajili ya Olimpiki ya 1992. Barceloneta ndo maarufu na ndo iliyojaa, wauza vinywaji wanakupitia kila dakika mbili. Nenda mbele kidogo, Bogatell au Mar Bella, au panda treni dakika arobaini uende Sitges. Vaa unachotaka, hakuna anayekuangalia.

Cha kuona

Alexandria ni mji wa kujua kabla hujafika, la sivyo utaona majengo yanayobanduka rangi tu. Aleksanda Mkuu aliuanzisha mwaka 331 kabla ya Kristo. Mnara wa taa wa Pharos, mmoja wa yale maajabu saba ya kale, ulisimama pale mpaka matetemeko ya ardhi yakaumaliza, na kwenye kiwanja chake Sultani Qaitbay akajenga ngome miaka ya 1470, ngome bado ipo, unaingia, unasimama dirishani upepo unakupiga usoni. Maktaba ya kale ilipotea, lakini mwaka 2002 walifungua mpya, Bibliotheca Alexandrina, jengo la duara lililoinamia bahari kama sahani, ukuta wake wa nje ni mawe ya Aswan yamechongwa herufi za maandishi 120 ya dunia. Ukumbi wa kusomea umeshuka ngazi kwa ngazi na mwanga unaingia kutoka juu, mi nilikaa humo masaa mawili sikusoma hata ukurasa. Ongeza makaburi ya chini ya ardhi ya Kom el Shoqafa, ambako wamemchonga Anubis, mungu wa Wamisri wa kale mwenye kichwa cha mbweha, kavaa kama askari wa Kirumi, na Makumbusho ya Kigiriki na Kirumi yaliyofungwa tangu 2005 hadi yakafunguliwa tena Oktoba 2023.

Na kuna kitu mtu wa pwani hatakiwi kukipita. Upande wa Anfushi kuna msikiti wa Abu al-Abbas al-Mursi, aliyeshika nafasi ya Imamu Shadhili, yule wa tarika ya Shadhiliya wanayoifuata watu wa Ngazija, Unguja na Kilwa. Jirani yake hapo hapo amelala al-Busiri, mtunzi wa ile kasida ya Burda inayosomwa kwetu maulidini. Nilimpigia bibi simu ya video kutoka uani pale, akanyamaza muda mrefu, nikadhani mtandao umekata. Wakristo nao wana lao, kanisa la Wakopti wanasema asili yake ni Mtakatifu Marko mwenyewe, na kanisa kuu la jina lake liko mjini.

Antalya, mji wenyewe wa kale ni mdogo, Kaleiçi, nusu siku umeumaliza ukitembea polepole: lango la Hadriani lililojengwa kwa ajili ya ziara ya kaisari huyo mwaka 130, vichochoro, nyumba za mbao za enzi za Waosmani, paka, bandari ya chini. Ukifungua Matendo 14:25 utaukuta kwa jina la Atalia, Paulo na Barnaba walipandia meli hapo. Utajiri wake uko nje ya mji. Aspendos, kama kilomita 45 mashariki, kuna ukumbi wa maonyesho wa Warumi wa karne ya pili uliobaki mzima kiasi kwamba mpaka leo wanachezea opera. Perge iko njiani. Na Termessos iko juu mlimani, ukumbi wake umekaa zaidi ya mita elfu moja juu ya bahari, yule yule Aleksanda aliuzunguka akaona shughuli nzito akaenda zake. Kupanda kule kwa miguu siku ya Agosti ni adhabu, nenda asubuhi, beba maji.

Barcelona ina vingi kupita hesabu na hapo ndo tatizo lake, kila mtu ana orodha ile ile ya vitu kumi na foleni ni ile ile. Sagrada Família ilianza 1882, msanifu Gaudí akaishika mwaka uliofuata, Juni 1926 akagongwa na tramu na kwa jinsi alivyovaa watu wakamdhania ombaomba, akafa siku chache baadaye, kanisa bado halijaisha. Nilikuwa naenda kwa kutimiza wajibu tu, lakini ukiingia ndani asubuhi, vioo vya upande mmoja vya buluu na kijani, upande mwingine vyekundu na machungwa, nguzo zimepasuka juu kama matawi, aisee, nilikaa kimya. Nunua tiketi onlaini wiki kadhaa kabla, ukifika mlangoni bila tiketi huingii. Halafu kuna Park Güell, makumbusho ya Picasso, mitaa ya Gòtic, na uwanja wa mpira wa Camp Nou kwa wenye dini hiyo.

Msosi

Huku nimekaa sana. Alexandria nenda mtaa wa Bahri, unachagua samaki barafuni kama pale Feri Dar, wanampima kwa kilo, unasema akaangwe au achomwe, anakuja na wali wa rangi ya kahawia uliopikwa kwa vitunguu vilivyoungua kidogo, saladi, rojo la ufuta, mkate. Mtaani tafuta maini ya Kialeksandria, wanayakata vipande vidogo kabisa, pilipili na kitunguu saumu cha kutosha, yanaingia kwenye mkate, unakula umesimama. Asubuhi ful, yale maharage yao ya kupondwa, na bajia zao za kijani. Hiyo ndo sehemu ambayo Mswahili hahitaji kuzoea chochote.

Antalya kifungua kinywa ni shughuli ya masaa mawili, zeituni, jibini, nyanya, mayai, asali, chai kwenye vikombe vidogo vya kioo inayoongezwa bila kuulizwa. Cha kwao hasa ni piyaz, maharage meupe yaliyochanganywa na rojo la ufuta, siki na yai, ukila na vijiti vya nyama ya kuchoma. Kuna gözleme pia, chapati nyembamba inakunjwa na jibini au spinachi ndani. Lakini kwenye bufee za hotelini hivyo huvipati vizuri, unapata chakula cha kumridhisha Mjerumani na Mrusi kwa wakati mmoja.

Barcelona vyakula vya baharini vizuri, mkate wa kusuguliwa nyanya na mafuta ya zeituni ni rahisi na mtamu, paella ipo kila kona ila asili yake Valencia, na ile yenye picha kubwa mlangoni kwenye La Rambla achana nayo. Nguruwe yuko kila mahali mpaka kwenye maharage, asiyekula aulize, au aende mitaa ya Raval, Wapakistani wana migahawa ya halali mingi pale. Chakula cha mchana saa nane, cha usiku saa tatu, ukifika mgahawani saa kumi na mbili jioni una njaa utakutana na viti juu ya meza.

Kuzunguka, na watu

Barcelona kuzunguka ni rahisi kupita yote, metro inakufikisha karibu kila mahali. Kadi ya T-casual ina safari kumi, ni ya mtu mmoja tu hamruhusiwi kushea, na haikubali kwenye metro ya uwanja wa ndege, ila kwenye treni na basi namba 46 inakubali. Wezi wa mifukoni ndo ugonjwa wa mji, simu isikae mezani, begi lisining'inie kwenye kiti. Mwaka 2024 wenyeji waliandamana dhidi ya utalii na wengine wakawamwagia wageni maji kwa bunduki za plastiki, mi sikuwahi kufanyiwa kitu ila unaona maandishi ukutani. Na ukiwa mweusi tembea na nakala ya pasi yako, kuna vijana wengi wa Kiafrika wanauza bidhaa kwenye mashuka barabarani na polisi wakija wanakimbia, hutaki kuanza kujieleza kwa Kikatalani.

Antalya tramu inatoka uwanja wa ndege hadi mjini, unashuka İsmetpaşa, unatembea dakika chache uko Kaleiçi. Watu wakarimu, wengi hawajui Kiingereza, simu yenye tafsiri inatosha. Utaangaliwa, utaombwa picha, sanasana na watoto. Wauza duka wa mji wa kale wana maneno matamu ya kukuvuta ndani, ukishakaa ukapewa chai ya tofaa kutoka mikono mitupu inataka moyo.

Alexandria magari ndo mtihani, kuvuka Corniche ni kama kuvuka Morogoro Road zamani, unaungana na mwenyeji mnavuka pamoja. Uber ipo, na kuna teksi za njano na nyeusi ambazo unapatana nazo kabla hujapanda. Ukitoa salamu ya Kiislamu na maneno mawili ya Kiarabu, na we maneno hayo unayo kwenye Kiswahili tayari, sura zinafunguka. Mwanamke anayetembea peke yake atatupiwa maneno, sitaki kuficha, akiwa na mwenzake yanapungua.

Msimu

Mei na Juni mwanzoni, au Septemba hadi Oktoba, miji yote mitatu iko poa. Tofauti ni pembeni. Antalya Julai na Agosti inafika nyuzi 40 na mawe ya Kaleiçi yanachemka, lakini Oktoba bado unaogelea vizuri kabisa, na Disemba na Januari mvua inanyesha kama imekasirika. Alexandria baridi yake ni ya upepo na dhoruba, wavuvi wana kalenda ya dhoruba kila moja na jina lake, wanaijua kama wazee wetu wanavyojua kusi na kaskazi, ukiwa mpenzi wa kukaa mgahawani unaangalia mawimbi yanaruka ukuta huo msimu ni mzuri kuliko kiangazi. Angalia tu Ramadhani inaangukia lini, mchana ni kimya, usiku mji hauna usingizi. Barcelona maji ya Mei bado yanauma, ila mwishoni mwa Septemba kuna sherehe za La Mercè, watu wanapanda mabegani mwa wenzao hadi wanakuwa mnara, na ni bure.

Sasa we uko upande gani

Una watoto wadogo na unataka upumzike kweli: Antalya, upande wa Lara, hoteli ya kulipia kila kitu. Na lile neno langu ndo hili, usikae wiki nzima ndani ya geti. Nimeziona familia zimerudi nyumbani zinasema zimeenda Uturuki na hazijawahi kuvuka barabara. Toka hata siku mbili.

Hela ni ya kubana, au roho yako iko kwenye historia na dini: Alexandria siku nne, weka Cairo mbili kabla, uko kwenye ndege masaa machache na hukubadilisha mabara. Ukiwa na mzee asiyeweza ngazi fikiria mara mbili, njia za miguu pale zimevunjika vunjika. Kwa mzee Barcelona ni nzuri zaidi, tambarare na stesheni nyingi zina lifti, Kaleiçi pia ina mawe ya kuteleza yanayokula magoti.

Unasafiri peke yako na we ni mwanamke: Barcelona utapumua zaidi, wasiwasi wako utakuwa ni simu tu. Antalya ya pili.

Unaishi Muscat, Doha au Dubai na unakimbia joto la Agosti: Alexandria ina upepo wa bahari, Antalya utahamia kutoka jiko moja kwenda jingine, ngoja Oktoba.

Unaishi Ulaya: Barcelona utaenda tu siku yoyote, kwa hiyo likizo ndefu ipeleke Alexandria.

Mna siku saba, mnataka starehe na kutembea vyote viwili, kama hawa wangu wa fungate: Antalya usiku tatu ufukweni na tatu Kaleiçi kwenye zile nyumba za mbao zilizogeuzwa hoteli, kama viza inakubali. Isipokubali, Alexandria, chumba chenye roshani inayoangalia Corniche, na mkiipenda mnachukua basi la Matrouh.

Kundi la marafiki, usiku mrefu, mpira: Barcelona, na anzeni makaratasi leo. Shemeji ndo huko anakovutia, tangu jana ananitumia picha za Camp Nou. Nimemwambia aangalie ratiba kwanza, likizo yao ni Julai, na ligi ya Hispania inaanza Agosti.